Pamba Uganda: piga hesabu kabla mbegu haijaingia chini

Kila mwezi wa nne ukiisha swali ni lile lile, hapa Kasese, kule Pakwach, Lira, Pallisa, kila sehemu yenye pamba: mwaka huu nipande ama niachane nayo niweke soya? Na watu wengi wanajibu kwa bei ya mwaka jana. Bei ilikuwa nzuri, kijiji kizima kinapanda. Ilikuwa mbaya, kijiji kizima kinakimbilia mahindi. Shida ni kwamba mbegu unaweka leo, pamba unauza miezi sita ama saba mbele, na bei ya siku hiyo hakuna anayeijua, hata mwenye jineri, yani kiwanda cha kuchambua pamba, hajui.

Wanaokumbuka 2011 wanaelewa. Mwezi wa tatu mwaka ule bei ya pamba soko la New York ilipita dola 2 kwa ratili moja, jambo ambalo watu wa biashara hiyo hawakuwa wameliona maishani mwao, habari ikafika mpaka vijijini, na msimu uliofuata Uganda ikatoa pamba nyingi kuliko ilivyotoa kwa miaka mingi, marobota zaidi ya 200,000. Ila wakati hiyo pamba inafika kwenye mizani bei ya dunia ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Watu walikasirika sana, wengine wakaapa hawatarudi, na kweli hawakurudi.

Kwa hiyo nitaandika hapa namna ya kulima na kuuza pamba ukijua kwamba bei huwezi kuishika. Kilo kwa eka unaweza kuzishika, na usafi wa pamba yako pia. Huko ndiko faida inakaa, na nitakuonyesha kwa namba ili usiniamini tu kwa maneno.

Hesabu ya eka moja

Chukua daftari. Usiandike kichwani, andika. Gharama zako gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile unazolipa hata kama hutavuna kitu: kulima mara mbili, mbegu, kupanda, palizi mara tatu, dawa, mtu wa kupiga dawa. Fungu la pili ni kuchuma, hiyo inapanda kadri kilo zinavyopanda kwa sababu wachumaji wa lejaleja wanalipwa kwa kilo.

Tuseme fungu la kwanza limefika shilingi 450,000 na kuchuma ni shilingi 200 kwa kilo, na bei ya pamba mbegu, yani pamba ambayo haijachambuliwa, ni shilingi 1,500 kwa kilo. Hizi ni namba za mfano, wewe weka za kwenu, maana palizi ya Busoga siyo bei moja na palizi ya Acholi.

Mkulima aliyepata kilo 300 kwa eka anauza 450,000, anatoa kuchuma 60,000, anatoa 450,000, amepata hasara ya 60,000 na bado hajalipa jasho lake mwenyewe. Mkulima wa kilo 800 anauza 1,200,000, anatoa kuchuma 160,000, anatoa 450,000, anabaki na 590,000. Bei ile ile, mvua ile ile, jineri ile ile.

Sasa angalia hapa. Yule wa kilo 300 ukimwongezea bei kwa shilingi 200 kila kilo, kitu ambacho watu wanapigania mpaka wanaenda redioni, anatoka kwenye hasara anafika sifuri tu. Yule wa kilo 800 ukimshushia bei kwa shilingi 200 bado anabaki na 430,000. Ndio maana nasema kilo kwanza, bei baadaye.

Ili ujue kilo zako za kurudisha pesa, chukua bei utoe gharama ya kuchuma kilo moja, kwenye mfano ni 1,300, halafu gawa fungu la kwanza kwa hiyo 1,300. Inakuja kama kilo 346. Chini ya hapo unalimia watu wengine. Na ukweli unaouma ni kwamba wakulima wengi sana wa Uganda wako hapo hapo, chini ya kilo 400 kwa eka, wakati wanaofuata kanuni wanapita 800. Kama unajua shamba lako, kwa udongo wake na watu ulio nao wa palizi, haliwezi kupita hizo kilo za kurudisha pesa, basi msimu huu usipande, weka soya bila aibu yoyote. Au punguza, panda eka moja uihudumie vizuri badala ya eka tatu zinazomezwa na nyasi.

Bei inatoka wapi na wewe unaweza kuikadiria

Watu wanadhani bei anaitunga mwenye jineri usiku. Mwenye jineri ana nafasi yake ya kubana, hilo sikatai, ila sehemu kubwa inatoka nje kwa sababu zaidi ya tisini kwa mia ya pamba nyuzi ya Uganda inauzwa nje. Ukiwa na simu yenye intaneti unaweza kuikadiria mwenyewe.

Tafuta bei ya pamba ya New York. Inaandikwa kwa senti za dola kwa ratili. Tuseme ni senti 70. Kilo moja ina ratili 2.2, kwa hiyo kilo moja ya nyuzi ni dola 1.54. Pamba yetu ikichambuliwa inatoa nyuzi kama 35 kwa mia, iliyobaki ni mbegu na uchafu kidogo. Kwa hiyo kilo moja ya pamba mbegu unayopeleka ina nyuzi za senti 54 hivi. Zidisha na dola, tuseme shilingi 3,600, unapata karibu 1,940. Hapo ndani toa umeme na kazi ya kuchambua, gunia na waya za robota, riba ya benki maana jineri nazo zinakopa pesa ya kununulia, lori mpaka Mombasa, na faida yake. Halafu ongeza mbegu, kwa sababu mbegu inauzwa kwa wakamuaji wa mafuta na mashudu yanakwenda kwa wafugaji. Watu wanasahau hii ya mbegu, na ndiyo inambeba mwenye jineri miaka ambayo nyuzi zimeanguka.

Ukishapiga hii hesabu, mtu akija kijijini kukwambia 900 utajua anakuibia, na mtu akikuahidi 3,000 utajua anakudanganya ili umpe pamba kwa mkopo. Rudia kila mwezi, maana namba zinakimbia: mwezi wa tano 2022 New York ilipita senti 150, mwanzo wa 2024 ikagusa dola moja, kufika katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka chini ya senti 70.

Kwa nini inayumba hivyo? China na India ndio walimaji wakubwa, na China inaweka akiba yake ghalani, ikiamua kufungua ghala bei inashuka na ikiamua kujaza inapanda. Brazil imekuja juu mpaka msimu wa 2023/24 ikaipita Marekani kwa kuuza nje. Marekani inawalipa wakulima wake ruzuku, na nchi nne za Afrika magharibi na kati, yani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, wanalipigia kelele jambo hilo huko shirika la biashara la dunia tangu 2003. Juu ya hayo yote kuna poliesta, nyuzi zinazotoka kwenye mafuta ya petroli, pamba ikipanda sana viwanda vinahamia huko. Uganda katika hiyo picha ni kidogo sana, sisi hatusogezi bei hata kwa senti moja. Tunaipokea.

Shambani, hapo ndipo kilo zinapopotea

Tarehe ya kupanda inashinda dawa zote. Kaskazini na mashariki panda kuanzia mwisho wa mwezi wa tano, ikikukuta wa saba katikati bado hujapanda basi jua umeshapoteza. Huku Kasese tunasukuma mpaka wa nane kwa sababu mvua zetu zinakuja tofauti. Hesabu iko hivi: pamba inatoa maua kama miezi miwili baada ya kuota, vitumba, yani matunda ya pamba, vinaanza kupasuka kama miezi minne baada ya kuota, na unataka vipasuke wakati wa jua kavu. Ukichelewa, vitumba vya juu vinakosa maji kabla havijakomaa, na wadudu wanakuwa wamezaana tayari kwenye mashamba ya waliowahi, wanahamia kwako wote. Mtu anapanda mahindi kwanza, maharage, karanga, pamba anaiweka mwisho kwa sababu haililiwi na watoto. Naelewa kabisa, chakula ni chakula. Ila basi tenga ile eka moja mapema, ilime mara ya kwanza mwezi wa nne magugu yaoze.

Mbegu chukua ya msimu huu iliyopitia mkono halali, ile iliyoondolewa manyoya na kuwekwa dawa kama unaipata, inaota sawa sawa na unatumia kidogo. Mbegu zetu nyingi ni za ukoo wa BPA, uliotoka kwenye kazi ya watafiti wa hapa hapa Uganda, na siku hizi utafiti wa pamba uko Serere. Usiokote mbegu ya kukamulia mafuta ukaipanda. Ipime kwanza, weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye maji, baada ya siku chache hesabu zilizoota, kama ni chini ya 70 ongeza mbegu kwenye shimo ama irudishe.

Nafasi ni futi mbili na nusu kati ya mstari na mstari, futi moja kati ya shimo na shimo. Kamba. Kamba tafadhali, siyo macho. Kwa nafasi hiyo eka ina mashimo kama 17,400, ukiacha miche miwili kila shimo una miche karibu 35,000. Ukitembea kwenye mashamba yetu mengi unakuta nusu ya hiyo, mapengo kila mahali, mwenye shamba analaumu dawa wakati mimea yenyewe haipo. Ikishaota, kama wiki moja baada ya kupanda pita ujazie mapengo. Wiki ya tatu ama ya nne, udongo ukiwa na maji, ng'oa uache miwili. Watu wanaona huruma kung'oa, wanaacha mitano kwenye shimo, inapanda juu myembamba bila matawi ya chini na vitumba vinakuwa vinne.

Palizi ya kwanza iwe ndani ya wiki tatu, na miezi miwili ya mwanzo nyasi zisikae shambani kabisa, pamba ikiwa ndogo haijui kupigana na nyasi. Hapa ndipo familia nyingi zinashindwa kwa sababu mikono ni michache. Kule Lango na Acholi wale wenye vikundi vya awak, mnalima kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho, mna mtaji mkubwa kuliko mnavyofikiri, panga zamu za awak kwa pamba mwezi wa sita kabla watu hawajatawanyika.

Mbolea wengi hatuweki. Basi angalau zungusha mazao, pamba ifuate karanga ama soya, usiirudishe kwenye shamba moja mwaka kwa mwaka maana ugonjwa wa mnyauko unakaa kwenye udongo na hauna dawa. Samadi ya ng'ombe kwenye mistari inasaidia sana, Teso na Lango wenye ng'ombe hawana kisingizio hapo.

Wadudu na dawa

Kalenda ya kawaida ni kupiga mara nne, ya kwanza kama wiki ya nne mpaka ya sita, halafu kila wiki mbili ama tatu. Ila kalenda siyo macho. Ingia shambani mara mbili kwa wiki asubuhi, tembea kwa kukata kona kwa kona, simama sehemu kadhaa, kagua mimea kama 25, geuza majani, fungua vile vijani vinavyofunika maua machanga.

Mwanzoni utaona vidukari, majani yanajikunja na kunata, na yule mdudu wa lygus anayetoboa majani machanga mpaka yanakuwa kama yamechanwa na mkasi. Baadaye anakuja funza wa vitumba, huyu ndiye mwizi mkubwa, anatoboa anakula ndani na kuhamia kingine, funza mmoja anamaliza vitumba kadhaa. Akiwa mdogo dawa inamuua, akishakuwa mnene ndani ya kitumba unamwagilia maji tu. Kwa hiyo tafuta mayai na vifunza vidogo, usisubiri matundu. Mwisho wa msimu kangambili, wale wekundu, wanafyonza mbegu na kuchafua nyuzi zinakuwa za njano, na dawa yake bora ni kuchuma upesi.

Usipige dawa ya aina moja mara nne mfululizo, badilisha kundi la dawa, soma kilichoandikwa kwenye chupa siyo jina la mbele tu, dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja ndani. Nunua duka linalokupa risiti maana dawa feki zimejaa. Piga jioni nyuki wakiwa wamerudi, hasa West Nile ambako jirani yako ana mizinga. Vaa viatu vya mpira, ziba pua, usipige ukiwa umevaa ndala na shati wazi, na ile chupa usiifanye ya maji ya mtoto, itoboe. Dawa ya pamba usipeleke kwenye nyanya na sukuma wiki. Tumewazika watu, banange, siyo jambo la mchezo.

Kuna njia nyingine ya organiki, yani bila dawa za kiwandani, Lango waliianza tangu miaka ya 1990 na wakauza Ulaya kwa bei ya juu kidogo. Wanatumia sisimizi weusi wadogo wanaowaita nginingini, unawavuta shambani wanakula mayai ya funza. Inafanya kazi ikiwa majirani wote wamekubali, jirani mmoja akipiga dawa kali wale nginingini wanakufa na cheti kinaingia matatani. Mwaka 2008 DDT ya malaria ilipopulizwa kwenye nyumba huko Apac na Oyam, wauzaji wa mazao ya organiki walikwenda mahakamani, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya akisikia DDT hanunui. Kwa hiyo usiingie organiki peke yako. Ingia na kikundi chenye mnunuzi aliyesaini kabla ya kupanda.

Kuchuma

Beba mifuko miwili kiunoni, mmoja wa safi na mmoja wa fifi. Nyeupe, kavu, isiyo na majani iende safi. Yenye madoa, iliyoguswa na funza, iliyoanguka chini, fifi. Ukichanganya, mizani itaita yote fifi na umepoteza bei ya gunia zima kwa ajili ya kilo mbili mbaya. Anza kuchuma umande ukikauka, kama saa nne, na usiache pamba iliyopasuka ikae wiki tatu shambani, vumbi na kangambili wanaimaliza. Pita mara tatu mpaka nne.

Sasa jambo ambalo ningetamani kila mtu alishike: gunia za nailoni, zile za sukari na posho, na kaveera, yani mifuko ya plastiki, zisikaribie pamba yako. Nyuzi za nailoni zinanyofoka zinaingia kwenye pamba, jineri haizioni, kiwanda cha kusokota hakizioni, zinaonekana kitambaa kikishatiwa rangi kwa sababu nailoni haishiki rangi ile. Kitambaa kinakataliwa, na mnunuzi wa nje anaikumbuka nchi iliyotoka pamba hiyo. Pamba yetu inachumwa kwa mkono, ndefu kiasi, ilipaswa kuuzwa kwa bei ya juu ya soko, na kamba moja ya bluu ya gunia inaishusha. Tumia magunia ya pamba, ama shuka kuukuu, na uianike kwenye turubai safi ama mkeka, siyo chini.

Na kumwagia maji ili iwe nzito, acha. Inaoza ndani ya siku chache, mbegu inakuwa chungu mafuta hayafai, na anayelipa ni mkulima msafi wa jirani kwa sababu jineri inashusha bei ya eneo zima.

Watoto wawe shule. Msimu wa kuchuma wa kaskazini unaangukia mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, watoto wakifunga wasaidie nyumbani kama kazi nyingine, ila kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya pamba siyo sawa, na wanunuzi wakubwa wa nguo siku hizi wanauliza.

Kuuza

Mizani kwanza. Inatakiwa iwe na alama ya mwaka huu ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Ukiwa na mashaka, jaza jerikeni kwa chupa ya lita moja mara 20, ibebe mpaka kwenye mizani, isome kilo 20 na uzito wa jerikeni lenyewe, kama kilo moja hivi. Ama ibebeshe mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, ni kilo 50. Ikisoma kitu kingine ondoka na watu wako wote.

Uza kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye kilo 80 kwenye boda boda hana cha kubishania, anapewa bei ya njiani. Robota la Uganda ni kilo 185 za nyuzi, linahitaji kama kilo 530 za pamba mbegu, kwa hiyo watu kumi wenye kilo 800 kila mmoja wana marobota 15, hapo agenti anakuja na lori mwenyewe. Jineri za Uganda zina uwezo wa kuchambua mara kadhaa zaidi ya pamba tunayolima, mashine zinakaa kimya miezi mingi, zinaihitaji pamba yako kweli kweli. Piga simu kwa jineri mbili tatu kabla ya kufungua gunia. Huku kwetu Nyakatonzi bado ipo kama chama cha ushirika chenye jineri, sehemu nyingine vyama vilikufa baada ya soko kufunguliwa 1994 na mkulima akabaki peke yake mbele ya mnunuzi.

Kuhusu mkopo wa pembejeo. Jineri ikikupa mbegu na dawa kwa makubaliano utauza kwao, andika makubaliano, bei itapangwaje, mkopo utakatwaje, nani anapima. Ukishakubali, peleka. Najua mpita njia anakuja na shilingi 100 zaidi, yeye hakuweka dawa ya mtu yeyote ndio maana ana hiyo 100. Tukimkimbilia wote, mwaka unaofuata hakuna anayeleta dawa kijijini, na tumeyaona haya maeneo mengi. Ila ikiwa aliyekupa mkopo ndiye anayevunja makubaliano, akishusha bei ama akichelewesha malipo miezi, nendeni kama kikundi na karatasi zenu kwa ofisa wa kilimo wa wilaya. Mwaka 2024 serikali ilipitisha sheria ya kurudisha kazi za CDO, lile shirika la pamba la tangu 1994, ndani ya wizara ya kilimo. Kwa hiyo bei ya kuanzia msimu, mbegu na malalamiko, uliza wilayani sasa nani anashika nini kabla msimu haujaanza.

Huko mbele kukoje

Pamba ililetwa 1903 na ikawa ndio zao lililoibeba nchi hii mpaka kahawa ikaipita miaka ya 1950. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda waliandamana wakitaka wachambue na kuuza pamba yao wenyewe. Msimu wa 1969/70 tulifikisha zaidi ya marobota 460,000. Halafu Amin akawafukuza Wahindi 1972, jineri zikakosa vipuri na wenyewe, vita vikafuata, Lango, Acholi na Teso zikaumia, na kufika mwisho wa miaka ya 1980 tulikuwa tumebaki na marobota kama 11,000 tu. Tumepanda tena tangu hapo lakini kile kilele hatujakigusa.

Kuna vitu vinavyonipa wasiwasi. Miwa imekula ardhi ya Busoga. Alizeti na soya zinalipa ndani ya miezi mitatu minne, pamba inakaa nusu mwaka shambani. Mvua hazina adabu tena. Kenya imeruhusu mbegu ya pamba ya Bt inayojikinga na funza tangu mwisho wa 2019, sisi majaribio yalifanyika Serere na Kasese lakini sheria ya bayoteknolojia ilipita bungeni ikakosa sahihi ya rais, kwa hiyo mkulima wa Busia upande ule na wa upande huu hawana mbegu sawa. Ukiletewa mbegu ya magendo kutoka ng'ambo usiipande, hujui ni nini na hakuna wa kumlalamikia.

Kwenye nguo, shati moja la fulana lina nyuzi kama gramu 200, yani pamba mbegu isiyozidi ya shilingi 900 hivi. Iliyobaki kwenye bei ya shati ni kusokota, kufuma, kutia rangi, kushona. Kazi hizo tunazo kidogo sana, kuna kiwanda cha Jinja kilichoanza kama Nytil na kingine cha Kampala, na mara nyingi vinashindana na mitumba ya soko la Owino, Kampala, na nguo za bei rahisi kutoka Asia. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuzuia mitumba, Marekani ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Uganda ikarudi nyuma, na mwishowe tuliondolewa AGOA mwezi wa kwanza 2024 kwa sababu nyingine kabisa. Rais alitangaza tena kuzuia mitumba 2023 akiwa Mbale. Mimi nasema sare za shule, za polisi, za jeshi na shuka za hospitali zikitoka kwenye pamba ya hapa, kwa mkataba wa miaka mitatu unaojulikana bei, jineri itakopesha bila woga na mkulima atapanga. Hilo lina maana kuliko kumnyang'anya mama wa Owino gunia lake. Mwambieni mbunge wenu anapokuja kuomba kura.

Kwa msimu huu, ukimaliza kuchuma ng'oa miti yote ya pamba na uichome ndani ya wiki chache, usiache isimame mpaka mvua za mwezi wa tatu. Ni sheria ya tangu zamani na ina sababu, funza na kangambili wanajificha humo wakisubiri pamba mpya. Uwe mtaa mzima kwa wakati mmoja, halafu siku hiyo hiyo ya kuchoma kaeni na madaftari, kila mtu aseme alivuna kilo ngapi kwa eka, alipanda tarehe gani, alipiga dawa gani, ndipo mjue nani mwaka huu apande pamba eka mbili na nani aweke soya.